Barabara ya Panzi

Shemeji yangu anayeishi upande wa juu wa Gare, huko Lushoto, hana kawaida ya kunipigia simu asubuhi. Akipiga saa za namna hiyo najua kuna mtu anaumwa au kuna kitu kimeanguka. Safari hii alinisalimia upesi upesi, kinyume na adabu ya kwao ambako salamu peke yake huweza kupoza chai kikombeni, kisha akaniita kama wanaume wa huko wanavyoitana, “Mgoshi, mwenye Panzi katutoka. Tulikuwa tunamshusha hospitali, hata lami hatukuifikia.” Nikamuuliza kama walikuwa wanamshusha kwa gari lake. “Gari gani, shemeji?” akanijibu. “Kwa machela.” Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba si kila msiba nauleta hapa. Marehemu huyu hakuwa ndugu yangu, wala rafiki wa kushinda kwake. Alikuwa mtu tuliyefahamiana, tukikutana tunaongea, tukiachana hatutafutani. Lakini kifo chake kilinikaa kooni, nami nikasubiri hasira zipungue ndipo niandike. Hazijapungua sana, ila naona nikisubiri zaidi nitasahau, na kusahau ndiko kunakonitisha katika habari hii.

Panzi ni gari. Ni moja ya yale magari madogo ya mbio ambayo Waingereza waliyatengeneza kati ya vita kuu ya kwanza na ya pili, wakati vijana wao wenye nafasi walipokuwa wakitafuta kitu cha kuchezea barabarani. Lina viti viwili tu, tena vya kubanana. Boneti ndefu imefungwa kwa mkanda wa ngozi kama sanduku la safari, magurudumu ni ya spoki kama ya baiskeli, kioo cha mbele kinalazwa, na paa lilikuwa la turubai ambalo mimi sikuwahi kuliona kwa sababu panya walilimaliza kabla sijafika huko. Rangi yake ni kijani, na kwa jinsi lilivyokuwa likirukaruka kwenye mashimo watu wakaliita Panzi, jina likashika hata mwenye gari akapoteza la kwake. Mlowezi mmoja alikuja nalo milimani enzi za mkoloni, na alipoondoka alimwachia dereva wake, baba wa marehemu. Mlowezi aliliendesha kwa starehe, baba mtu akalibebea kabichi, na mwana alilirithi likiwa halina hata kiti cha abiria. Akakitengeneza upya kwa mbao za mkulo, mti wetu unaonukia, enzi ambazo kuukata hakukuwa kosa. Ukikalia kiti kile mvua ikinyesha, unasikia harufu ya msitu.

Mara ya kwanza nilikutana naye Soni, kando ya barabara ya kupandia Lushoto. Panzi alikuwa amechemka, rejeta inatoa mvuke, na mzee ameketi kwenye ukingo wa mfereji anakula pea bila haraka yoyote. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza ninakokwenda. Nikamwambia Lushoto mjini. “Basi panda,” akasema, “ila ushike jiwe.” Nilidhani ni mzaha mpaka aliponiwekea mapajani jiwe la ukubwa wa kabichi. Kazi ya abiria wa Panzi, akanieleza, ni moja tu: injini ikikata pumzi mlimani, ruka chini, weka jiwe nyuma ya gurudumu, maana breki ya mkono ilikwisha zamani na haina dawa. Ndivyo tulivyokwenda. Niliruka, nikaweka jiwe, nikapanda, nikaruka tena, wauza matunda wakinishangilia kila kona. Nilifika mjini nimechafuka, nimechoka, na nimecheka kama mwendawazimu. Nilipomuuliza anafanyaje siku asipopata abiria, alinitazama kana kwamba nimeuliza kitu cha kitoto. “Siondoki nyumbani,” akasema. “Panzi hapandi mlima bila mtu wa jiwe.”

Baadaye nikaoa upande huo huo wa Gare, nikawa napita kwake kila niendapo ukweni. Siku moja nilimkuta na mgeni kutoka Nairobi, mkusanyaji wa magari ya kale, anazunguka Panzi kwa heshima ya mtu aliyeingia kanisani. Mgeni alieleza kwamba huko Uingereza magari ya aina ile yalikuwa yakishindanishwa. Mzee akacheka mpaka akakohoa. “Kumbe ni la mashindano! Basi na hapa linashindana. Linashindana na mlima, na mlima ndio unaoongoza.” Mgeni alitaka kulinunua, akakataliwa kwa upole, akaondoka na picha. Nami nikamuuliza mzee kwa nini hakuliuza, maana gari lilikuwa limechoka na yeye pia. Jibu lake silisahau. “Nikimuuza Panzi, barabara inakufa. Wewe hujui watu wa hapa? Barabara isiyopita gari inalimwa. Leo huyu anasogeza mgomba, kesho yule anasogeza maharage, keshokutwa ni njia ya mbuzi. Ndiyo maana kila Jumamosi namtoa, hata kama sina safari, watu waone barabara ina mwenyewe.” Aliyefika milima ile atamwelewa. Ardhi ni finyu, miteremko ni mikali, na kipande chochote kilicholala tambarare hutamaniwa. Barabara ya kitongoji kile ilikuwa utepe mwembamba wa udongo mwekundu, na gari lililopita juu yake lilikuwa moja tu.

Lakini tusidhani alikuwa akilinda njia ya starehe yake. Mke wa shemeji yangu alishikwa na uchungu wa uzazi siku ya ukungu mzito, mvua ikinyesha, zamani kidogo kabla bodaboda hazijajaa huko juu. Mzee alimtoa Panzi bila kuombwa. Mjamzito aliketi kwenye kile kiti cha mkulo, na kwa kuwa gari halina paa, mama mkwe wangu alikwea nyuma, juu ya tangi la petroli, mwavuli mkono mmoja, jiwe mkono wa pili. Barabara ile hushuka na kupanda kabla ya kuikuta lami, na kila mlima ulipomshinda Panzi, mama yule wa heshima zake, mwenye khanga mbili na gauni la Jumapili, aliruka chini akaweka jiwe, kisha akarudi juu kufunika mkaza mwanawe. Mpaka leo akisimulia hushika magoti na kuguna. Mtoto alizaliwa salama hospitalini, na sasa yuko sekondari. Shemeji yangu, ambaye hakupata nafasi ndani ya gari, alifika baadaye kwa miguu akakuta ameshakuwa baba. Watu wengine kadhaa wa kitongoji kile wameshuka na Panzi namna hiyo, nami nimemtaja mmoja tu kwa sababu ninayo haki ya kumtaja.

Masika ya mwaka huu yalikuja na hasira. Maji yalishuka kwenye korongo lililo chini ya nyumba ya mzee, yakaibeba barabara kipande kizima, pakabaki shimo ambalo gari haliwezi hata kuota kulivuka. Vijana wa bodaboda hawakupoteza muda. Walilaza mbao mbili juu ya shimo, wakawa wanapita mmoja mmoja kwa tahadhari, na maisha yakaendelea. Mwenyekiti wa kitongoji akaitisha msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu na jembe lake. Jumamosi ya kwanza walitokea wachache, wamekunja mikono, wanatazama shimo. Hapo ndipo shemeji yangu alipotoa neno. Yeye hasomi magazeti, na akilisoma hili atajijua. Alisema, “Jamani, hii si barabara yetu, hii ni barabara ya Panzi. Akaichimbe mwenye Panzi.” Watu wakacheka, wakabeba majembe yao wakaenda mashambani, maana maharage nayo yalikuwa yanangoja kupaliliwa. Jumamosi iliyofuata hakutokea mtu. Haya sikuyasikia kwa maadui zake. Alinisimulia mwenyewe kwenye simu, tena wakati huo alikuwa akiona amechekesha.

Mvua zilipopungua nikaenda ukweni, nikaliacha gari langu ng’ambo ya korongo. Mzee alikuwa chini shimoni, peke yake, kofia ya sufu kichwani, sururu mkononi, anakohoa. Pembeni yake palikuwa na ukuta wa mawe aliokwisha kuupanga, mzuri, umenyooka, lakini mfupi mno mbele ya shimo lile. Nilimwamkia.

“Marahaba, mwanangu,” akaitikia bila kuacha kazi. “Umekuja na jiwe?”

Nilicheka, nikashuka, nikampokea sururu. Mikono ya mtu wa kalamu haina siri: baada ya muda mfupi malengelenge yakaanza, akaninyang’anya sururu yake kwa huruma. Nikamshauri aache. Nikamwambia Panzi amekuwa mzee, na yeye mwenyewe pumzi zinamsumbua, kwa nini ajiue kwa ajili ya gari? Akakaa juu ya mawe yake, akajifuta uso.

“Panzi yuko kwake juu, nimemfunika. Hata nisipomwendesha tena sitalala njaa. Mimi naogopa machela. Mama watoto alipozidiwa, Panzi hakuwa na matairi. Tulimbeba. Mimi nilikuwa mbele, nimeshika mti begani. Nikasikia pumzi zake zinavyopungua, na siwezi kugeuka kumtazama, maana ukigeuka mnaanguka wote. Mke wangu kafa nimempa mgongo. Sitaki mtu mwingine wa hapa abebwe hivyo.”

Nilimuuliza kama aliwaambia hivyo wenzake. Aliinuka, akachukua sururu.

“Niliwaambia mkutanoni,” akasema. “Wakanipa pole.”

Alidondoka akiwa kazini, korongoni, na wa kwanza kumkuta alikuwa kijana wa bodaboda aliyefika kwenye mbao. Kumkalisha kwenye pikipiki hakukuwezekana, mwili ulikuwa umelegea na pumzi zinakuja kwa kuvutwa. Majirani wakamrudisha kwanza nyumbani, wakaifunga machela, na katika hili siwasemi vibaya, kwa sababu mila hiyo bado imesimama: ukisikia mgonjwa anabebwa, unaacha jembe palepale unakwenda kutoa bega. Shemeji yangu alitoa bega lake, tena la mbele. Walipofika korongoni mbao zile hazikuweza kupitisha wabebaji, ikabidi wateremke mpaka kwenye maji na kupanda upande wa pili, kwenye utelezi, mmoja akianguka na wengine wakipiga magoti ili mgonjwa asimwagike. Wakaiweka machela chini wapumzike. Mzee akafumbua macho akasema, “Pamebaki kidogo.” Shemeji yangu akamjibu, “Ndiyo, tate, pamebaki kidogo,” akimwita baba kwa lugha ya kwao na akidhani anasemea lami. Baadaye ndipo alipogundua kwamba macho ya mzee yalikuwa kwenye ule ukuta wa mawe. Wakamwinua tena. “Alikuwa mwepesi, shemeji,” aliniambia. “Mwepesi kama mzigo wa majani ya ng’ombe. Nilikuwa mbele, sikuona alipokata roho. Niliona tu wenzangu wa nyuma wamesimama.”

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Maiti ilihifadhiwa hospitalini kungoja watoto wake wanaoishi Dar es Salaam, na habari zikaja kwamba watafika na gari la kubebea jeneza pamoja na basi la waombolezaji. Kitongoji kikashtuka. Wageni wa Dar watatuonaje? Jeneza livushwe kwenye mbao za bodaboda? Asubuhi yake hapakubaki mtu nyumbani. Wanaume waliingia korongoni na masururu, wanawake wakapanga mstari mrefu wa kupitisha mawe, wazee wasioweza kuinama wakakata matete. Wakatoliki walikuwepo, Walutheri walikuwepo, na jirani zetu Waislamu wa bonde la chini walipanda na majembe yao tangu alfajiri. Mtu alileta mapipa wakayatoboa yawe njia ya maji. Sufuria za makande zilichemka ukingoni, nyimbo zikaimbwa, na sauti iliyoongoza nyimbo, naambiwa, ilikuwa ya shemeji yangu. Ukuta wa marehemu waliukuta umesimama, wakajengea juu yake. Kazi aliyoililia masika mazima ilikwisha kabla jua halijapinda. Siku ya maziko nami nilipita pale kwa gari, nyuma ya basi, bila kushuka. Lilikuwa tuta imara, zuri kabisa. Nilitamani lingekuwa baya.

Binti yake mkubwa aliomba Panzi atangulie mbele ya jeneza mpaka makaburini. Hakuna aliyeweza kumwasha, hendeli ilizungushwa mpaka ikawachosha vijana, basi wakaamua kumsukuma. Akatoka bandani taratibu, kijani chake kimepauka, binti ameshika usukani na machozi. Kwenye mwinuko wa kwanza mikono ikateleza, Panzi akaanza kurudi nyuma kuelekea kwenye jeneza, na umati mzima, waliowahi kumpanda na wasiowahi, ukapiga kelele kwa pamoja, “Jiwe! Jiwe!” Shemeji yangu ndiye aliyeruka. Alilinyakua jiwe kutoka chini ya kile kiti cha mkulo, akalisukumia nyuma ya gurudumu, gari likasimama. Sisi tukasubiri aondoke ili safari iendelee, lakini hakuondoka. Alibaki amechuchumaa pale, mkono juu ya jiwe, mpaka mama yake alipokwenda kumwinua. Padre katika mahubiri yake aliwapongeza wanakitongoji kwa upendo waliomwonyesha marehemu kwa kumtengenezea barabara. Watu wakaitikia amina. Sikuitikia, na Mungu anisamehe kama nilipaswa.

Nimefikiri sana tangu siku ile. Watu wale si wabaya. Nimekula kwao, wamenipa mke, na wakimwona mgeni anatafuta njia watamsindikiza mpaka mlangoni. Wala si wavivu. Nani anaweza kuwaita wavivu watu wanaolima miteremko ambayo mbuzi huifikiria mara mbili? Ugonjwa wao ni wetu sote, mjini na kijijini. Tukimwona mtu mmoja ameshikilia jambo kwa moyo, tunaliita lake. Anayefagia kisima, kisima kinakuwa chake. Anayeziba uzio wa shule, uzio unakuwa wake. Tunamwachia, tunamtania, halafu akiondoka tunashangaa kisima kimeota nyasi. Mzee alimtoa Panzi kila Jumamosi ili barabara isife, na sisi tulichoona ni mzee na gari lake. Na kuna hili la pili, linaloniuma zaidi. Kwa mgonjwa tuna neno pole, kwa maiti tuna kamati, turubai, viti, sare na basi. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Sisi siku hizi tunamuuliza, na akikosa nguvu ya kujibu tunaanza kuchangia jeneza.

Mvua za vuli zimeanza. Juzi nilimpigia simu shemeji yangu kumjulia hali, tukaongea habari za watoto, bei ya viazi, na afya ya mama. Panzi yuko bandani, akasema, kuku wanataga kwenye kiti cha abiria, na watoto wa marehemu hawajaamua wamfanyeje. Mwishoni nikamuuliza kuhusu barabara.

“Imekatika tena,” akasema. “Palepale. Mapipa yote yamekwenda na maji.”

Nikamuuliza kama msaragambo umeitishwa. Nikasikia mvua inavyopiga kwenye mabati yake.

“Bado, shemeji,” akasema. “Hakuna msiba.”

Hakusema kwa dhihaka. Alisema kama mtu anayeeleza kwamba mahindi bado hayajakomaa, na nadhani neno lenyewe lilimshtua alipolisikia likitoka, maana alikata simu bila kuaga. Nami nimeliandika hapa jinsi lilivyo. Kama unakoishi yupo mtu anayechimba peke yake, wewe unamjua, na inawezekana ulishacheka utani juu yake. Usimuulize barabara ni ya nani. Mwamkie, ushuke shimoni, ushike jiwe. Sote tutapita njia hiyo siku moja mabegani mwa wengine, na heri tupite tungali tunapumua.